Mtoto Anayemwogopa Mbwa Ana Hoja

Ugomvi wa mbwa katika majumba ya kupanga ya Nairobi mara nyingi hauanzi na mtu kuumwa. Huanza kwenye lifti. Mama yuko ghorofa ya tano na mtoto wa miaka sita, mlango unafunguka, ndani yumo jirani na mbwa wake, na mtoto anarudi kinyumenyume hadi ukutani. Jirani anatabasamu: "Ingieni tu, huyu hana neno." Mtoto haingii. Mama anaona haya, anamvuta mkono, mtoto anaangua kilio. Kufikia jioni grupu la WhatsApp la wapangaji linawaka moto: hawa wanataka mbwa wapigwe marufuku, wale wanauliza kwa nini watoto wa siku hizi wanalelewa kuogopa kila kitu.

Mwenye mbwa huingia kwenye mjadala huo akiwa amejiandaa. Ana hoja za ustawi wa wanyama, za upweke wa mjini, za usalama wa nyumba, na nyingi ni za kweli. Mtoto anayeogopa hana hoja yoyote ya kutamka. Ana kilio, na kilio hicho watu wazima hukipa jina la deko. Hata mzazi wake humtetea kwa kuomba radhi: "Samahani, huyu ni mwoga tu." Nadhani hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu woga huo ni maarifa ya mtoto aliyekulia hapa.

Fikiria mbwa ambao mtoto wa Nairobi amekwisha kuwajua kabla ya kukutana na huyo wa kwenye lifti. Wa kwanza yuko nyuma ya geti lenye kibao cha kutisha, hufungiwa kwenye kibanda mchana kutwa na kufunguliwa usiku, na kazi aliyowekewa hasa ni kuwatia watu hofu. Wa pili ni mbwa koko, wale wanaozunguka jalalani wakiwa watano sita, ambao mtoto ameonywa asiwasogelee wala asiwakimbie. Mbwa wa sebuleni, mwenye jina na shampuu yake, ni wa juzi juzi. Mwanasaikolojia Stanley Rachman aliandika mwaka 1977 kwamba hofu humwingia mtu kwa njia tatu: kuumizwa mwenyewe, kumwona mwingine akiogopa, na kuambiwa. Katika mitaa mingi ya Nairobi njia zote tatu zinapatikana kati ya nyumbani na shuleni. Tumemfundisha mtoto kwa miaka sita kwamba mbwa ni wa kukaa naye mbali, kisha tunamshangaa akifaulu mtihani.

Na hatukumfundisha uongo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi hii hii. Mpango wa taifa wa kukitokomeza, ulioanza 2014 na unaolenga 2030, ulikadiria kwamba kinaua watu wapatao 2,000 nchini kila mwaka. Shirika la Afya Duniani hutaja vifo 59,000 duniani kwa mwaka, vingi mno vikiwa Asia na Afrika, na karibu wagonjwa wote, 99 kwa kila 100, waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Nchini Uingereza mzazi anaweza kumwambia mwanawe kwamba mbwa akimuuma atapata kidonda na kitapona. Hapa kauli hiyo ina masharti.

Iko takwimu moja ambayo huchapishwa kwenye mabango kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kisha watu wanaipita: kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtu wa hesabu atainua mkono hapa, na nampa nafasi. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwakuta walio chini ya umri huo wakiwa karibu asilimia 39 ya watu wote. Basi kama kwetu watoto ni wanne katika kila majeruhi kumi, si hapo ndipo idadi yao ilipo? Pengine. Lakini tuache kuhesabu vidonda, tuangalie kidonda kimoja kimekaa wapi. Mbwa mkubwa akisimama, mdomo wake uko karibu na kifua au uso wa mtoto wa miaka minne. Kwa mtu mzima huo ni urefu wa paja. Ndiyo maana watoto wadogo huumwa zaidi kichwani, usoni na shingoni. Virusi vya kichaa husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na kutoka shavuni safari ni fupi kuliko kutoka kwenye kifundo cha mguu. Watu wawili wanaweza kuhesabiwa sawa kwenye takwimu na mmoja wao akawa na muda mfupi sana wa kuokolewa.

Kisha liko lile linaloninyima raha zaidi. Dawa ya kwanza ya kuumwa na mbwa ni ya bei nafuu kuliko zote: maji mengi na sabuni, kidonda kioshwe kwa dakika 15. Baada ya hapo ni hospitali, kwa sindano za chanjo zinazochomwa kwa ratiba ya wiki kadhaa. Zikiwahiwa, zinaokoa. Ila yote hayo yanaanza na mtu mzima kujua kwamba mtoto ameumwa, na wa kumwambia ni mtoto mwenyewe. Sasa chukua mtoto aliyechekwa mwezi uliopita kwa kulia mbele ya mbwa wa jirani, akaambiwa mwanamume halii, binamu zake wakamwiga hadi chakula cha jioni kikaisha. Mwezi huu amekwaruzwa jino na kitoto cha mbwa nyuma ya kibanda cha mama mboga, mahali alipokatazwa kwenda. Kidonda ni kidogo, hakitoki hata damu ya kuchafua soksi. Atamwambia nani? Ana sababu mbili za kunyamaza, na moja tumempa sisi. Kila tunapoufanya woga wa mbwa kuwa jambo la aibu, tunaziba njia ya habari ambayo siku moja tutaihitaji sana.

Mwenye mbwa wa kwenye lifti ana haki ya kuuliza yote hayo yanamhusu nini. Wake hajawahi kugusa jalala. Amechanjwa, ana kadi yenye mhuri wa daktari wa mifugo, analala kwenye zulia. Ni kweli, na kuna zaidi ya hapo la kumsifia. Kichaa hukatika eneo likifikisha chanjo kwa asilimia 70 ya mbwa wake, na Pemba ni ushahidi wa karibu: kampeni za kuchanja mbwa zilikifuta kisiwani kufikia 2014, kikarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 kikawa kimekwisha tena. Anayemchanja mbwa wake kila mwaka anawalinda watoto ambao hata hawajui jina la mbwa huyo. Wanaopiga kelele mbwa wote waondolewe, au wanaotega nyama ya sumu usiku, wanawaua hao waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, halafu nafasi yao inajazwa na wengine wasio na chanjo.

Hoja yake nyingine ni nzito vilevile. Mbwa hujifunza nani ni rafiki akiwa bado mdogo sana, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Asiyewahi kuona mtoto akikimbia, baiskeli ikipita au mwavuli ukifunguliwa, akikua huvishangaa, na mshangao wa mbwa mara nyingi huishia kwenye meno. Ukimfungia kwenye kibanda maisha yake yote ili asiwasumbue watu, unamtengeneza yule mbwa ambaye kila mtu alimwogopa. Kwa hiyo marufuku ya moja kwa moja naiona kuwa kosa. Mbwa wanapaswa kutoka nje, na waonekane.

Wapenzi wa mbwa hupenda kuongeza kwamba hata hofu ya mtoto huisha kwa kuzoea. Hapo nina neno nao. Jaribio maarufu zaidi la jambo hili lilichapishwa mwaka 1967 na mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake: watoto 48 wa miaka 3 hadi 5 walioogopa mbwa. Baadhi yao walikaa wakamtazama mtoto mwenzao asiye na hofu akicheza na mbwa, katika vipindi vinane vifupi vilivyogawanywa kwa siku nne. Wengi wa waliomtazama mwenzao wakapata ujasiri ambao hawakuwa nao mwanzo, wakaweza kumsogelea mbwa na kumgusa. Habari njema. Lakini angalia lilivyofanyika. Mwanzoni mbwa alikuwa ndani ya kizimba. Mchezo uliongezwa hatua kwa hatua. Watazamaji walikaa kwa mbali, hakuna aliyesukumwa mbele, hakuna mbwa aliyeachiwa awarukie ili wazoee. Anayelitumia jaribio hilo kutetea mbwa asiye na kamba hajalisoma, au amelisoma akaishia kwenye matokeo. Kilichowaponya watoto wale ni umbali waliouamini, na mbwa aliyeshikwa ndiye anayeutoa umbali huo.

Msitu wa Karura unaonyesha kwamba jambo hili linawezekana bila vita. Ni hekta zipatazo 1,000 katikati ya jiji, msitu uleule ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi. Mbwa wanaruhusiwa, kwa sharti la kamba kuanzia getini hadi getini. Kamba hiyo inawafaa paa na kima waliomo msituni, na inawafaa watoto. Shida ni wale wanaoifungua mara tu mlinzi anapokuwa nyuma ya kona. Jumamosi moja karibu na maporomoko nilimwona msichana wa miaka mitano hivi ameshika andazi, na mbwa mkubwa wa manjano anakuja mbio na mkia juu. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliyekuwa hatarini ni andazi. Msichana alimparamia baba yake kama mnazi. Mwenye mbwa, akiwa hatua thelathini nyuma, akapaza sauti ile ile: "Hana neno!" Huyo mtoto hakushuka tena mabegani mwa baba yake hadi walipopotea machoni, na andazi lilibaki njiani, likaliwa.

"Hana neno" ni ushahidi wa mtu mmoja kuhusu mbwa mmoja, na mtoto hana namna ya kuuhakiki akiwa mita tatu kutoka kwenye meno. Kadi ya chanjo hasomi. Anachoweza kukisoma ni kamba, na mkono ulioishika.

Liko pia jambo ambalo mijadala ya Nairobi hulikwepa kwa adabu. Familia nyingi za Kiislamu hapa, za Eastleigh, za South C, na sisi wenye asili ya pwani, ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi: yakigusa nguo au mwili, ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtoto wa familia hiyo akikwepa kulambwa mkono, huenda haogopi kabisa; anafuata alichofunzwa madrasa, kama anavyovua viatu msikitini. Nimewasikia watu wazima wakikiita kitendo hicho chuki kwa wanyama. Mtoto huyohuyo amefundishwa pia hadithi ya yule aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Kumhurumia mbwa na kutotaka kulambwa naye ni mambo yanayokaa pamoja kichwani mwa Waislamu wengi bila kugombana.

Basi mzigo aubebe nani? Mimi nauweka kwa mwenye mbwa, maana yeye ndiye aliyechagua, na ndiye peke yake anayeweza kuamua kamba iwe fupi au ndefu. Kwenye lifti, asubiri inayofuata kama ndani au mlangoni kuna mtoto aliyeganda. Ni dakika moja. Kwenye uwanja wa bembea, mbwa asiingie hata akiwa na kamba, kwa sababu pale ni mahali pekee palipojengwa kwa ajili ya watoto, na majengo mengi hayana hata hapo. Kwingineko kote, kwenye maegesho, njiani na bustanini, mbwa apite na kamba yake na asinuniwe.

Wazazi nao wana deni, na wenye mbwa wanalidai kwa haki. Mtoto afundishwe kusimama wima, mikono mwilini, macho chini, mbwa asiyemjua anapomjia, kwa sababu mbio ndizo zinazomwita. Aache pia kumchokoza aliyefungwa. Katika jengo moja ninalolijua, mbwa ambaye kila mtu alimlalamikia kwa kubweka alikuwa akirushiwa mawe kila saa kumi jioni na wavulana waliotoka shule, yeye akiwa kwenye mnyororo asiweze kwenda popote. Mlinzi alijua. Wazazi wawili walijua pia, na hao ndio walioandika malalamiko marefu zaidi kwenye grupu.