Arobaini Ikiisha, Mzazi Anabaki na Nani?

Mwanamke akijifungua, nyumba haikosi watu. Maji ya kumkanda yako jikoni, mama yake au mama mkwe ameshafika na begi lake, mtori unachemka, na majirani wanapita na sabuni na khanga kutoa hongera. Hafui, hapiki, habebi ndoo. Sina ugomvi na desturi hiyo hata kidogo. Ugomvi wangu ni siku inayoishia.

Sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza, na wengi huanza kuelemewa ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Sasa tazama kalenda yetu. Wiki ya 6 bibi anapanda basi kurudi Moshi au Tanga. Baba alirudi kazini zamani, maana sheria ya ajira ya Tanzania inamhakikishia siku 3 tu. Majirani wameshamzoea mtoto. Mama mwajiriwa ana likizo ya siku 84, kwa hiyo wiki ya 12 naye anatakiwa ofisini. Msaada wote tumeumwaga mwanzoni, na unakauka hali inapoanza kukolea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufika karibu 20. Benchi la kliniki lenye akina mama 30 huenda lina kama 6.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mtaani hutiwa kapu moja. Machozi yanayoanza siku ya 3 hivi, mama analia bila sababu na dakika kumi baadaye anacheka, huwapata wengi sana. Homoni zimeshuka ghafla baada ya kondo kutoka, na usingizi hakuna. Hayo hupita yenyewe kabla ya siku ya 14, na dawa yake ni kulala na kuwa na mtu karibu. Sonona yenyewe ni pale huzuni, au kutofurahia chochote, inapokaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na kazi za kawaida zinamshinda.

La tatu ni kichaa cha uzazi. Ni nadra, mmoja au wawili kwa kila 1,000, lakini huja kwa kasi, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Mama halali usiku kucha na wala haonekani kuchoka, anaongea mfululizo, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au ametumwa. Huyu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kabla ya mganga na kabla ya mkesha wa maombi. Familia hubishana sana hapa, kwa hiyo nitoe sababu moja ngumu: mzazi anayechanganyikiwa anaweza kuwa na maambukizi ya kizazi, malaria kali au mwanzo wa kifafa cha mimba, ambacho hutokea hata baada ya mtoto kutoka. Vyote hivyo vinaua, na huwezi kuvitofautisha ukiwa umekaa sebuleni.

Tukirudi kwenye sonona, usisubiri mama aseme "nina huzuni". Wengi hawasemi hivyo. Atasema kichwa kinamuuma, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio, maziwa hayatoki. Mwingine anamleta zahanati kila wiki mtoto ambaye haumwi kitu. Mwingine anaruka kliniki. Kuna anayenyonyesha huku anatazama ukuta, na kuna yule anayefua nepi zilezile mara tatu na hamruhusu mtu kumshika mtoto. Uchovu wa kweli nao upo, na mama aliyepoteza damu nyingi anaweza kuonekana hivyohivyo, kwa hiyo kupima wingi wa damu ni hatua ya mwanzo. Kosa ni kumpa vidonge vya damu na kufunga jalada.

Swali linalofichua zaidi ni rahisi: "Mtoto akilala na kuna mtu wa kumwangalia, wewe usingizi unakuja?" Mama aliyechoka tu atalala hata kwenye kiti. Mwenye sonona mara nyingi hukodoa macho darini. Ukitoka hapo uliza mawili: mwezi huu uliopita umekuwa ukijisikia mnyonge au umekata tamaa mara kwa mara? Yale uliyokuwa ukiyafurahia, bado yanakupa raha? Jibu la "ndiyo" kwa la kwanza au "hapana" kwa la pili linatosha kumpeleka kituo cha afya. Huko kuna madodoso kamili, likiwamo la Edinburgh la mwaka 1987, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita na alama kutoka 0 hadi 30. Alama 13 na kuendelea ni dalili nzito, ila dodoso haliamui peke yake. Swali la 10, la kujidhuru, halisubiri jumla ya alama. Likijibiwa ndiyo, hata kwa "mara chache sana", mazungumzo yanahamia hapo.

Dodoso lolote huharibika kwa namna moja: kusomwa kwa sauti kwenye foleni, au mama mkwe akiwa ameketi pembeni. Jibu litakuwa "salama tu". Mtoe mama nje, hata kwa kisingizio cha kwenda kuanua nguo. Na usianze na "unampenda mtoto wako?" Hakuna mama atakayekwambia hapana.

Swali la kufa lazima liulizwe, tena waziwazi: "Umewahi kuona bora usingeamka? Umefikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda bafuni na kufunga mlango. Ondoa sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vilivyobaki, kisha nenda naye hospitali. Lakini sikiliza vizuri. Mama anayetetemeka kwa hofu ya wazo lililompitia la kumwangusha mtoto mara nyingi hana nia hiyo, anateswa nalo. Kumnyang'anya mtoto kunamthibitishia kwamba yeye ni hatari. Kaa nao wote wawili mpaka mhudumu wa afya awatazame.

La ajabu ni kwamba sheria iliona hili kabla ya mtaa. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 210 cha Kenya, vinavyohusu mama anayemuua mtoto wake mchanga, vinatambua kwamba kujifungua kunaweza kuvuruga akili ya mama wa mtoto wa chini ya miezi 12. Mtaani bado tunamwambia anadeka.

Kuhusu tiba, sonona ya wastani huweza kutulia kwa mazungumzo yenye mpango, na hayahitaji daktari bingwa. Huko Pakistan, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwatumia wahudumu wa afya wa vijijini kuwatembelea akina mama mara 16, wakizungumzia afya ya mama mwenyewe, uhusiano wake na mtoto na watu wanaomzunguka. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa 100, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa bila mpango huo. Wahudumu wa ngazi ya jamii tunao. Ikiwa nzito, kuna dawa, na nyingine, kama sertraline, hutumika mama akiendelea kunyonyesha. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nafuu, na hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifanyi kazi. Wengine huziacha ghafla wakipata nafuu, na hali inarudi. Kwa kawaida huendelea kwa miezi 6 au zaidi baada ya kupona, na kuacha hupangwa na daktari.

Nyumbani, zawadi kubwa ni saa 5 za usingizi usiokatika. Mama ananyonyesha saa 3 usiku na kulala mpaka saa 8. Katikati baba, wifi au dada wa kazi anamnywesha mtoto maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe safi, si chupa. Kwa joto la Dar au Mombasa yasikae nje kwa muda unaofikia saa 4 tangu yakamuliwe. Ikiwa kukamua ni mzigo mwingine, mletee mtoto anyonye mama akiwa amelala, kisha umchukue wewe umcheulishe na umbembeleze.

Na wageni mjipange. Badala ya watu 12 wiki ya kwanza, wawili wabaki kwa ajili ya wiki ya 7, wawili wiki ya 10, wawili ya 14. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni za chanjo, kwa hiyo mtu amsindikize kliniki, abebe mtoto kwenye foleni, na amkumbushe nesi kwamba baada ya mzani kuna mama pia. Ukienda kumwona nyumbani usiseme "ukihitaji kitu niambie", hatakwambia. Beba ndoo, osha vyombo, wachukue wakubwa kwenda nao kwako mpaka jioni.

Kuna mmoja ambaye mpango huu wote unamkosa: aliyejifungua mtoto mfu, au aliyempoteza mtoto siku za mwanzo. Hana chanjo ya kumrudisha kliniki, kwa hiyo hakuna benchi atakalokutwa, ingawa hatari yake ni kubwa kuliko ya wengi. Anakandwa kimyakimya, nguo za mtoto zinafichwa, na watu wanamkwepa kwa kukosa la kusema. Wodi ya wazazi ingemruhusu akiwa na tarehe mbili zilizoandikwa, ya wiki ya 2 na ya wiki ya 6, na jina la mhudumu wa jamii atakayebisha hodi kwake. Mhudumu akifika, amtaje mtoto kwa jina kama alipewa, kisha aulize maswali yaleyale, kuanzia la usingizi.