Wastani wa kipato Paje unamsema nani?

Hoja ya watetezi wa utalii ni nyepesi na ina nguvu: pwani ya kusini-mashariki ya Unguja imepata watu, imepata na fedha. Sensa inawapa ushahidi. Mkoa wa Kusini Unguja ulikuwa na watu 115,588 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika 195,873. Watu hawahamii penye njaa, wanasema, na hapo siwapingi.

Lakini namba hiyo inatwishwa mzigo usio wake. Mkoa una wilaya mbili, na Wilaya ya Kati inapokea watu wa mjini wanaojenga Tunguu na kandokando yake. Hao hawakufuata bahari. Hata Paje na Jambiani, vijiji vya pwani hiyo, wengi wanaokuja kwa ajili ya hoteli hutoka bara na Kenya wakiwa na ujuzi wao: wapishi, wahudumu, walimu wa kaiti, mchezo wa kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara. Kuhesabiwa hapo ni haki yao. Ila mtaa wa wavuvi na wakulima wa mwani ukipokea watu kumi wenye mshahara, wastani wa kipato unapanda bila mwenyeji hata mmoja kuongezewa shilingi. Mwakani tutaambiwa kijiji kimeendelea. Kijiji kipi? Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali, kwa hiyo aliyekuwa na minazi ufukweni mara nyingi alilipwa thamani ya minazi yake, mara moja, basi. Nyuma ya hoteli iliyosimama pale, yeye sasa ni mkaazi tu.

Ndiyo maana naona wakulima wa mwani wanahukumiwa vibaya. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara hapo hapo Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu ya Ufilipino, na leo linaitwa kazi ya kimaskini. Si uongo mtupu. Mwani uko wa aina mbili: bei ya spinosamu ni ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi, haistahimili joto la maji ya siku hizi. Bamvua likifika, maji yakapwa sana, mama huinama saa nyingi majini akifunga miche kwa taitai, vikamba vyembamba, kwenye kamba iliyovutwa baina ya vigingi viwili. Wiki kama sita baadaye anavuna, na kilo saba mbichi zikianikwa hubaki kama kilo moja. Binti aliyeuona mgongo wa mamake akenda zake kutandika vitanda vya hoteli, nani wa kumlaumu?

Hata hivyo wakulima hawa wengi mno ni wanawake, na fedha hiyo kidogo huingia mkononi mwao wenyewe. Sare ya skuli na mchango wa harusi havisubiri ruhusa ya mume wala ya meneja. Kazi inafuata kupwa na kujaa, hivyo maji yakijaa ana muda wa watoto, konde na shughuli za mtaa. Zamu ya hoteli haimpi nafasi hiyo, na masika wageni wakipungua, wa kwanza kupumzishwa ni kibarua. Mwaka 2020 ndege ziliposita kwa ajili ya korona, mishahara ya hoteli ilikatika. Kamba za mwani zilibaki baharini na wenyewe wakazihudumia. Kipato cha namna hii hakionekani kwenye wastani, kwa sababu wastani hauulizi fedha ni ya nani wala itadumu mpaka lini.

Simaanishi hoteli ziondoke. Mvuvi wa pweza anaziuzia, na kijana wa Jambiani akifundishwa vizuri anaweza kuwa meneja. Nataka hesabu itenganishwe: kipato cha wenyeji peke yake, cha waliohamia peke yake, na cha wanawake mbali na cha waume zao. Wala si kazi ngumu. Mgeni anayehamia shehiani hujiandikisha kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kwa hiyo orodha ya kuanzia ipo. Wapimaji wa uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, waanzie barazani kwake kabla ya kwenda kwa mameneja wa hoteli.