Acheni Kukanda Fila za Chini ya Macho

Kuna sauti ya WhatsApp inazunguka kwenye magrupu ya kina dada wa Mwanza. Kirumba imesikika, Buzuruga imesikika, Nyegezi nako wanaisambaza. Inasema hivi: ukichoma fila, yaani sindano ya kujaza uso, chini ya macho ukaona kinundu, chukua mafuta ya nazi, kanda dakika tano, mara tano kwa siku, siku tano mfululizo. Msemaji anajiamini kweli. Kinachoudhi ni kwamba hakuitunga hiyo tano-tano-tano. Ipo. Ila si ya dawa hiyo, wala si ya sehemu hiyo ya uso.

Masharti hayo ni ya Sculptra, ambayo ni unga unaochanganywa na maji kabla ya kuchomwa mashavuni na pembeni mwa paji la uso. Chembe zake zikijikusanya mahali pamoja zinaacha vinundu vigumu, ndiyo maana mteja anaambiwa akande ili zitawanyike. Mchomaji mwenye akili hakuwekei hiyo chini ya jicho. Pale huwekwa jeli ya asidi ya haialuroniki, kidogo sana: nusu mililita kila upande, mara nyingi hata haifiki. Kijiko cha chai ni mililita tano, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Jeli hiyo inalazwa karibu na mfupa, chini ya msuli unaofumba jicho, na juu yake kuna ngozi ambayo ni nyembamba kuliko karibu zote mwilini. Hakuna chembe za kutawanya hapo. Uso si unga wa chapati.

Halafu tazameni siku yenyewe watu wanayoanza kukanda: ya pili. Siku ya pili na ya tatu ndipo uvimbe unapokuwa mkubwa, kwa sababu sindano imejeruhi na jeli yenyewe inavuta maji. Unachokigusa na kukiita kinundu, mara nyingi ni maji na damu iliyovilia. Alama ya damu huchukua siku saba hadi kumi kuisha. Fila yenyewe haihukumiwi kabla ya wiki mbili, na wapo wanaosubiri nne. Sasa wewe unakanda uvimbe, uvimbe unaongezeka, unaona kinundu kimekua, unaongeza mafuta na dakika. Baada ya wiki jeli imesogea kwenye kifuko cha juu ya shavu, uso umevimba asubuhi kama mtu aliyelia usiku kucha, na lawama anabebeshwa mchomaji ambaye huenda alifanya kazi yake vizuri.

Haya, nitakubali moja, shingo upande. Mchomaji mwenyewe hukanda. Palepale kitini, akiwa na glavu safi, anaisawazisha jeli kwa ncha ya kidole au kijiti cha pamba, akiisukuma taratibu kwenye mfupa, kwa sababu anajua aliiweka wapi na kwa kina gani. Anaweza pia kukuita baadaye, akakuonyesha kinundu kimoja na kukuambia ukibonyeze sekunde chache, mikono ikiwa imenawa. Kubonyeza, si kusugua. Maelekezo hayo ni ya kinundu hicho na ya mtu huyo, si ya kurushwa kwenye grupu.

Ikiwa jeli imekaa juu mno, rangi inabadilika na kuwa ya samawati. Kwenye ngozi zetu mara nyingi inaonekana kama kijivu, mtu anadhani weusi wa chini ya macho umerudi, anaongeza poda. Hakuna ukandaji utakaoirudisha jeli chini. Inayeyushwa kwa sindano ya dawa iitwayo haialuronidezi, na kabla ya kuchomwa hiyo sema kama umewahi kuvimba vibaya kwa kuumwa na nyuki. Kwa botoksi, sindano ya kulegeza misuli, ya pembeni mwa macho jibu ni fupi zaidi: usisugue kabisa siku hiyo, dawa ikifika kwenye msuli unaonyanyua kope, kope linalala kwa wiki kadhaa. Na bado kuna saluni zina ofa ya botoksi, mvuke na masaji ya uso kwa pamoja. Hongereni kwa ubunifu.

Kinachonipandisha hasira hasa ni mshipa ulioziba. Mishipa ya kando ya pua na ya kuzunguka jicho imeungana na ule unaolisha retina, utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho. Jeli ikiingia humo, retina inaweza kuanza kufa ndani ya saa moja hadi moja na nusu, na sauti ile inamwambia mtu apake mafuta ya nazi! Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi kupauka au kuwa na madoa kama wavu, au jicho kuingia ukungu. Weupe kwenye ngozi nyeusi ni mgumu kuuona, kwa hiyo bonyeza, achia, kisha linganisha na upande wa pili. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde tatu kurudi, piga simu kwa mchomaji saa hiyohiyo. Jicho likipoteza kuona, ni dharura ya hospitali yenye madaktari wa macho, kama Bugando, si ya kurudi saluni kuulizia. Ndiyo, daktari naye hukanda mshipa ulioziba, lakini anafanya hivyo huku akichoma haialuronidezi nyingi na kurudia. Kwa sababu hiyohiyo, usichome mjini kisha ukapanda meli ya Nansio mchana huohuo. Katikati ya ziwa hakuna wa kukuyeyushia kitu.

Nyumbani kazi ni ndogo: kitambaa cha baridi dakika kumi bila kukandamiza, kulala chali mto ukiwa juu, kuacha mazoezi mazito na pombe siku mbili.

Maswali makali yaulizwe kabla ya sindano. Jina la dawa na stika yake yenye namba ya toleo. Kiasi kwa kila upande. Boksi lilisafiri vipi: fila nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 25, na buti la basi kutoka Dar halijui hilo. Simu ya usiku inapokelewa na nani. Haialuronidezi iko wapi, na uonyeshwe kwa macho. Ukijibiwa kwamba hiyo huwa inaagizwa ikihitajika, chukua pochi yako uondoke.