Msituambie kansa ya thairoidi ni "kansa nzuri" bila kuangalia jeni

Juzi nimemsindikiza shangazi kuchukua majibu ya uvimbe wa shingoni, alichoambiwa ni "mama usiwe na wasi, ukisikia kansa basi hii ndo kansa nzuri, tunatoa tezi yote unakunywa vidonge maisha yako yote." Basi, imeisha. Ripoti karatasi moja, neno papilari, yaani aina mojawapo ya kansa ya thairoidi, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, chini muhuri. Nikauliza kuhusu jeni, nikaonekana najifanya mjuaji.

Jamani hili linaniuma. Haya nakubali, papilari nyingi zinapona vizuri na jeni zake zimetulia kuliko kansa nyingi, Wamarekani walichapisha 2014 uchunguzi wa papilari karibu 500 wakakuta kila uvimbe una mabadiliko machache tu, na BRAF V600E, yaani kosa moja maalumu kwenye jeni ya BRAF, iko kwenye kama 60%. Sawa. Lakini humohumo kuna zile chache zilizoongeza kosa la pili, kwenye swichi ya jeni ya TERT, na hapo mambo yanabadilika kabisa. Seli ya kawaida kila ikigawanyika ncha za kromosomu zinafupika mpaka inafika mahali inaacha, sasa TERT ikiwaka ncha zinajengwa upya, seli haichoki, inagawanyika tu huku inalimbikiza makosa mengine. Mwenye BRAF na TERT kwa pamoja, hatari ya kansa kurudi na hata kumuua ni kubwa mno kuliko mwenye BRAF peke yake. Na BRAF yenyewe inapunguza uwezo wa seli kunyonya iodini, kwa hiyo ile iodini ya mionzi tunayoitegemea kuua seli za kansa zilizobaki inaweza isimsaidie kitu. Ukifika kwenye anaplastiki, ile aina kali kuliko zote ya kansa ya thairoidi, mara nyingi TP53, jeni inayozuia seli zenye makosa, nayo imeshaharibika, kromosomu zimevurugika, ndugu wanahesabu miezi. Hawa wote unawafariji vipi kwa sentensi moja?

Na kuna upande wa pili. 2016 wataalamu walikaa wakaondoa neno kansa kwenye uvimbe mmoja uliokuwa unahesabiwa papilari, ule uliojifunga kwenye gamba lake na haujavamia popote, wakauita NIFTP, kwa sababu karibu hausambai kabisa. Watu walikuwa wanatolewa tezi nzima kwa ajili yake!

Medula, aina nyingine ya kansa ya thairoidi, ndo usiseme, kosa la jeni ya RET likiwa la kurithi hata watoto wapimwe.

Najua kipimo ni ghali na sehemu nyingi sampuli inabidi isafirishwe. Sisemi kila mwenye kinundu kidogo apimwe jeni. Ila mtu mwenye umri mkubwa, uvimbe mkubwa, umeshatoka nje ya tezi, huyo mnamuachaje? Tangu 2018 Marekani imeidhinisha dabrafenib na trametinib kwa pamoja kwa anaplastiki yenye BRAF V600E, na dawa hizo hupewi kama jeni haijulikani.

Kwa hiyo wenye wagonjwa, naomba sana, mkitoka msibebe ripoti peke yake. Ulizieni bloku, kile kipande kidogo cha nta chenye nyama ya uvimbe ndani, kinakaa maabara ya patholojia, mhakikishe namba yake imeandikwa kwenye ripoti na mjue kinatunzwa kwa muda gani. Jeni zinaweza kupimwa kutoka humo hata miaka baadaye, hela ikipatikana.