Shingo Ile Ilitoka Lindi

Jumamosi iliyopita mpwa wangu wa darasa la sita alikuja na Jurassic Park, filamu ya dinosaria, kwenye flashi. "Mjomba, eti hii sinema ni ya zamani sana?" Nikamwambia ni ya mwaka 1993, achomeke kwenye runinga tuiangalie wote.

Mimi niliiona nikiwa na umri kama wake, katika banda la video hapa Lindi mjini. Mkanda ulikuwa umechakaa, runinga ndogo imewekwa juu ya meza, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta wa makuti, nasi tumebanana kwenye mabenchi. Kijana mmoja alikuwa akitutafsiria kwa sauti kuanzia mwanzo. Yale maji ya kwenye glasi yalipoanza kutetemeka, hata yeye alinyamaza. Usiku ule sikulala.

Nilidhani safari hii nitaona mapungufu tu, maana siku hizi kompyuta zinatengeneza chochote. Haikuwa hivyo. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa na subira ambayo sinema nyingi za sasa hazina. Filamu ina dakika 127, na dinosaria wanaonekana kwa kama dakika 15 tu. Muda uliobaki unasikia kishindo, unaona majani yakitikisika, unaona uso wa mtu aliyeona kitu ambacho wewe bado hujakiona. Mpwa wangu alinishika mkono kabla mnyama hajatokea. Kwangu huo ndio ufundi.

Lakini kilichonikaa moyoni ni pale mapema, gari linaposimama uwandani. Mwanamke mtaalamu wa mimea ameinamia jani, mwenzake anamshika kichwa na kumgeuza atazame. Pale ndipo tunapomwona dinosaria wa kwanza akiwa mzima mzima: brakiosaria, shingo juu ya miti, anatembea taratibu. Utotoni nilimpita haraka, nikimsubiri mwenye meno. Safari hii nilisimamisha picha, nikamwambia mpwa wangu: huyo mtazame vizuri, huyo anatuhusu.

Brakiosaria alipewa jina hilo mwaka 1903, kutokana na mifupa iliyochimbwa Colorado, Marekani. Ila mifupa ile haikuwa na kichwa wala shingo. Shingo na kichwa vilipatikana kilimani Tendaguru, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka hapa nilipokaa, na kwa miongo mingi wachoraji walimchora brakiosaria kwa kufuata mifupa ya huku. Baadaye wataalamu waliona wa kwetu ni tofauti vya kutosha, wakampa jina lake, Giraffatitan. Sura ile iliyoingia vichwani mwa watu dunia nzima, ya mnyama mwenye shingo kama mnara, ina asili yake Lindi.

Tena ndiye mwenye haki na jina la filamu, maana Jurassic ni kipindi cha Jura. T. rex, yule mwenye meno, na wale wawindaji wadogo wa kwenye filamu waliishi kipindi cha baadaye kabisa, si cha Jura. Wa Tendaguru ana umri wa miaka milioni 150 hivi, T. rex ana milioni 66 na kidogo. Yaani T. rex yuko karibu nasi kuliko alivyokuwa karibu na mjusi wetu.

Yule mtaalamu wa mimea ndani ya filamu anaitwa Sattler. Mhandisi wa madini wa Kijerumani aliyekutana na mifupa ya Tendaguru mwaka 1906 naye aliitwa Sattler. Sijui kama ni zaidi ya sadfa, ila nililisikia jina lile nikashtuka.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Filamu inaanza na mfanyakazi, mtu mweusi, anauawa akisaidia kumshusha mnyama. Dakika chache baadaye mwanasheria anaeleza kwamba familia ya mfanyakazi yule inadai dola milioni 20, kisha hadithi inaendelea na mabwana wakubwa. Hatumsikii tena. Zamani hata sikumwona. Safari hii nilimwona, kwa sababu hadithi ya Tendaguru imesimuliwa hivyo hivyo kwa miaka mingi: Wajerumani wa Berlin walichimba kati ya 1909 na 1913, sifa zikawaendea wataalamu wao, akina Janensch na Hennig. Waliochimba na kubeba walikuwa mamia ya watu wa huku kusini, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Mbung'o waliua wanyama wa kubebea mizigo, kwa hiyo zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilishuka hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, siku kadhaa kwa miguu.

Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, jina lake halikupotea. Alikuwa fundi wa kuitoa mifupa bila kuivunja, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Kwa maoni yangu kila mtoto wa Lindi na Mtwara angepaswa kulijua jina hilo kabla ya kujua la T. rex. Mpwa wangu alikuwa hajawahi kulisikia. Nami nililijua nikiwa mtu mzima, na hilo linanisikitisha, kwa sababu banda lile la video lilikuwa hatua chache kutoka ufukwe ambako mizigo ile ilipakiwa.

Filamu ilipokwisha aliniuliza yule wa kwetu, aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin tangu 1937, ana urefu gani. Mita 13 na ushei kwenda juu, nikamjibu. Akatoka uani. Nilimkuta amesimama chini ya mnazi wetu, kichwa amekipindua nyuma, anaunyooshea kidole.

"Huu unafika, Mjomba?"

Haufiki. Mvua zikikatika na njia ikikauka, nimemwahidi kumpeleka Tendaguru.