Saa iliyokosewa kiwandani: hazina au mali mbovu?

Mkulima wa Tandahimba akipeleka korosho ghalani, kasoro humpunguzia bei. Mzigo ukiwa na unyevu au punje mbovu unashushwa daraja la pili, na mnadani wanunuzi hawaugombei. Ndiyo maana watu wengi wa kusini hushangaa wakisikia kuna wanaotafuta saa za mkono kwa sababu tu kiwanda kilikosea: namba moja imechapwa mara mbili, jina la kampuni limekaa upande, mshale mmoja si wa jozi yake. Hapa Mtwara mjini ubishi huo umeshaingia kwa vijana wanaonunua saa kuukuu na kuziuza kupitia simu. Wako wanaosema saa ya namna hiyo ni hazina, na wako wanaosema ni mali mbovu iliyopewa jina zuri. Mimi naamini mvuto wake ni wa kweli kabisa, ila una sharti moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji, nalo ni ushahidi.

Tuanze na mvuto wenyewe. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zilipigwa kwa mkono, moja moja. Kwenye hii maandishi yamesogea, kwenye ile ukingo umepinda, wala hakuna anayeita hilo kosa, kwa kuwa hakuna mbili zinazolingana. Kosa linapatikana pale kiwanda kinapoahidi kwamba vitu elfu vitafanana. Kitu kimoja kikiponyoka na tofauti yake, kikavuka ukaguzi, kikafungwa kwenye boksi na kuuzwa, kinabeba habari ambayo wenzake hawana: kwamba nyuma ya bidhaa kulikuwa na mtambo, zamu ya kazi, na macho ya mtu yaliyopitiwa. Stempu zilitangulia katika jambo hili. Mwaka 1895, stempu za India zilipogongwa juu yake jina la Zanzibar ili zitumike visiwani, baadhi zilitoka zimeandikwa "Zanzidar". Aliyeinunua wakati ule alitaka barua yake ifike tu. Leo wakusanyaji wanaitafuta hiyo kuliko zilizoandikwa sawasawa.

Kwenye saa, mfano unaotajwa sana ni Rolex Daytona namba 16520 ya katikati ya miaka ya 1990. Baadhi ya nyuso zake nyeusi zilipakwa vanishi iitwayo Zapon, na vanishi hiyo haikukinga vya kutosha. Miduara ya rangi ya fedha kwenye visaa vidogo vitatu vya ndani ikaanza kugeuka kahawia kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa mtu wa kiwandani hiyo ni dosari ya malighafi, hakuna jina lingine. Lakini Osvaldo Patrizzi, mtu wa minada, alipoieleza, wakusanyaji wakaziita nyuso hizo kwa jina lake na bei zikapanda kuliko za saa zilizobaki na rangi yake ya awali. Rolex nyingine, Explorer II namba 16550 ya miaka ya 1980, ilipitia njia hiyohiyo: uso uliotoka mweupe ukageuka rangi ya krimu, na krimu hiyo ndiyo inayolipiwa.

Sasa wanaopinga wana hoja nzito. Wanauliza: kwa nini tumsifu mtu kwa kazi aliyoiharibu? Na mbona si kila kosa linapandisha bei? Chukua Seiko ya wapiga mbizi, SKX007, iliyoingia sokoni mwaka 1996. Wenye nayo wamelalamika miaka mingi kwamba mduara wa dakika ndani ya kioo haukai sawa na alama za saa. Ni kosa la kiwandani lisilo na ubishi, lakini hakuna anayeongeza hata senti kwa ajili yake. Limetokea kwa saa nyingi mno, na ukiliangalia unaona uzembe tu. Kwa hiyo neno "kosa" peke yake halina thamani yoyote. Linahitaji kuwa nadra, liwe linapendeza au angalau linashangaza jichoni, na liwe limetoka kiwandani kweli.

Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Maandishi ya kwenye uso wa saa huchapwa kwa bamba la chuma lililochongwa herufi. Wino unajazwa kwenye michongo, kisha kipande laini cha silikoni kinaunyanyua na kuubandika juu ya uso. Herufi ikikosewa kwenye bamba, kosa litajirudia kwenye kila uso utakaopita hapo mpaka mtu alione. Silikoni ikiteleza, kosa limetokea mara moja na halitarudi. Mtu angedhani la pili lina thamani zaidi kwa kuwa liko peke yake duniani. Sokoni mambo huenda kinyume. Kosa la bamba lina ndugu zake, kwa hiyo mnunuzi wa Tokyo na wa Dar es Salaam wanaweza kulinganisha saa zao na kukubaliana kwamba hili lilitoka hivi. Saa ya kipekee kabisa haina shahidi zaidi ya yule anayeiuza.

Na hapa kwetu shahidi huyo ana kazi ngumu. Saa nyingi kuukuu za pwani hii, tuseme Seiko 5 yenye majina ya siku kwa Kiingereza na Kiarabu, iliyoletwa na ndugu kutoka Arabuni, zimeshafunguliwa na mafundi kadhaa. Nimekaa mara nyingi kwenye meza ya fundi saa mmoja mzee pale sokoni, na "makosa ya kiwanda" anayoletewa huyamaliza mtu akiwa bado anasubiri. Kijana analeta saa inayobadili tarehe saa kumi na mbili jioni, anaamini ni ya ajabu. Mzee anazungusha mishale mpaka tarehe iruke, anaing'oa yote, anaisimika upya ikisoma saa sita kamili usiku. Kosa limeisha. Mwingine analeta saa ambayo jina la kampuni limeinama kushoto. Mzee anatoa uso, anaugeuza: kimguu kimoja kati ya viwili vinavyoingia kwenye matundu ya mashine kimevunjika, na pembeni kuna alama ya gundi iliyokauka. "Mwanangu, hii imetoka kwa fundi mwenzangu," anasema. "Kiwanda hakibandiki kwa gundi namna hii."

Hali ya hewa nayo inachangia udanganyifu. Uso uliogeuzwa kahawia na jua hubadilika kwa rangi inayolingana, na mishale yake mara nyingi haina kutu. Unyevu wa bahari ukiingia kupitia mpira wa kuzuia maji uliochakaa huacha madoadoa yasiyo na mpangilio, mishale inashika kutu, na ukifungua nyuma unaiona kutu hiyo hadi kwenye skrubu. Vyote viwili vinauzwa Mtwara na Lindi kwa maneno yaleyale, "imekomaa kwa jua". Hapo bado sijagusa feki, ambazo jina lililokosewa herufi ndiyo alama yake ya kwanza.

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la meza za sokoni tu. Novemba 2021, Geneva, Omega Speedmaster ya namba 2915-1, yenye uso uliogeuka kahawia vizuri mno, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa hiyo iliunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, na kampuni ikasema waliokuwa wafanyakazi wake watatu walihusika. Kama aliyeitengeneza saa anaweza kuuziwa saa ya kuunganishwa, kijana wa Chikongola hapa Mtwara mwenye simu na lenzi ya kukuzia anahitaji tahadhari mara mbili.

Hata hivyo siungani na wanaotaka jambo hili liachwe. Kijana anayetafuta kosa analazimika kuijua saa: uso umefungwaje, wino unakaaje, mashine hii ilitumika kwenye toleo lipi. Wengi waliokuwa wakiangalia jina tu sasa wanafungua nyuma. Kuna jambo moja ningependa mafundi wetu walisikie. Kazi yao ni kurekebisha, na uso wenye dosari huwa wanaupaka rangi upya au kuutupa na kuweka mwingine. Kwa saa yenye kosa la kweli huko ni kuiua, kwa sababu kosa likishafutwa halirudi. Mteja aambiwe kabla, na uso wa zamani akabidhiwe hata kama ameomba mpya.

Kuhusu bei, msimamo wangu ni huu. Saa ifunguliwe mbele ya mnunuzi, na fundi ambaye hagawani faida na muuzaji. Muuzaji akiweza kuonyesha saa nyingine za toleo hilo zenye kosa lilelile, ana haki ya kuomba nyongeza. Asipoweza, alipwe bei ya kawaida ya saa yenye mashine hiyo na hali hiyo. Shahidi wa kosa akipatikana baadaye, mwenye saa atakuwa amepata ziada. Asipopatikana, bado amevaa saa inayotembea, aliyoinunua kwa bei yake.