Umoja wa Mobutu ulikuwa wa bunduki

Kila vita vinapopamba moto Kivu, mashariki mwa Kongo, hawakosi watu wa kusema: angalau enzi za Mobutu Kongo ilikuwa moja. Uchungu unaowasemesha naujua. Hoja yenyewe siikubali hata kidogo.

Ni kweli kwamba Mobutu, mkuu wa jeshi, alipotwaa madaraka Novemba 24, 1965, watu walikuwa wamechoka. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, alikuwa ameshauawa, jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga likarudishwa, na uasi wa Simba ulikuwa umemwaga damu nyingi mashariki. Walitaka utulivu. Juni 2, 1966 wanasiasa wanne, akiwemo waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba, wakanyongwa hadharani katika mji mkuu, mbele ya umati mkubwa. Huo ndio utulivu walioletewa.

Mwaka 1970 aligombea urais peke yake. Mpiga kura alipewa karatasi mbili, ya kijani kumkubali na nyekundu kumkataa. Jiweke mahali pa mwalimu wa kijijini anayetazamwa na watu wa chama: mkono wake ungethubutu kugusa nyekundu? Baadaye sheria ikasema kila raia ni mwanachama wa MPR, chama pekee, atake asitake. Nchi ikaitwa Zaire, majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, suti na tai vikavuliwa. Fahari ya kurudisha majina ya mababu siibezi, wengi waliipokea kwa moyo. Lakini mwaka 1973 maduka na mashamba ya wageni yalipotwaliwa kwa jina la taifa, waliogawiwa ni wakubwa na jamaa zao, na haikuchukua muda rafu zikabaki tupu.

Na huo umoja ulilindwa na nani? Wapiganaji waliotokea Angola walipoingia Shaba, yaani Katanga kwa jina jipya, mwaka 1977, Mobutu aliokolewa na askari wa Morocco waliosafirishwa kwa ndege za Ufaransa. Mwaka uliofuata waliuteka mji wa Kolwezi, nao ukakombolewa na askari wa miavuli wa Ufaransa. Marekani nayo ilimkumbatia kwa sababu aliupinga ukomunisti. Vita Baridi vilipokwisha, marafiki wakampa kisogo, na serikali yake ikabaki uchi. Januari 1993 askari wake walilipwa mshahara kwa noti mpya za zaire (sarafu ya nchi) milioni tano, wafanyabiashara wakazikataa, nao wakageuza bunduki kwa raia na kupora Kinshasa. Jeshi hilohilo ndilo lililowakimbia waasi wa Laurent Kabila mwaka 1996 na 1997, likipora njia nzima kutoka Kivu.

Basi sifa za kuishikilia Kongo asipewe yeye. Wapewe wazazi ambao, mishahara ya serikali ilipokauka miaka ya tisini, walichangishana kuwalipa walimu, na makanisa yaliyoendelea kufungua shule na zahanati huku wizara zikiwa zimebaki majina tu.